Sogea Kidogo, Mama

MPIGA PICHA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

SHANGAZI: Mama wa kinu.

MPIGA PICHA: Nani? Mtandao unakwaruza—

SHANGAZI: Wa makumbusho! Nyumba ya udongo, ile ya tatu. Mchana ulinipiga picha... au tuseme ulikipiga picha kinu.

MPIGA PICHA: Shangazi.

SHANGAZI: Ehee! Kumbe unanifahamu.

MPIGA PICHA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Hiyo ni ya sasa, au ile ya mchana ilichelewa njiani?

MPIGA PICHA: Shangazi, nilikuwa—

SHANGAZI: Kazini. Hata mimi. Miezi mitatu sasa nawaonyesha wageni tulivyokuwa tunatwanga. Ningekwambia, ila simu zangu hupokei.

MPIGA PICHA: Ningejua upo pale ningekuja mapema, tuka—

SHANGAZI: Si ulikuja, baba? Ukasema, "Sogea kidogo, mama, unaziba mwanga." Nikasogea. Ukapiga kinu, ukapiga mtungi, ukapiga hata ule ungo uliotoboka. Nikajisemea, labda na zamu yangu itafika.

MPIGA PICHA: Mkuu wangu alikuwa pale.

SHANGAZI: Nilimwona. Akakuuliza, "Mnafahamiana?"

MPIGA PICHA: Ulisikia?

SHANGAZI: Nimezeeka miguu, masikio bado mapya. Ukamjibu, "Hapana, ni mfanyakazi wa humu tu."

MPIGA PICHA: Shangazi... ile miguu peku, lile gauni la viraka, mimi nilidhani—

SHANGAZI: Sare hiyo! Tunapewa asubuhi, jioni tunarudisha. Viatu vyangu viko kabatini.

MPIGA PICHA: (anakohoa) Sikujua.

SHANGAZI: Na ingekuwa si sare? Miguu hii si ndiyo iliyokuwa inakupeleka shule?

MPIGA PICHA: (anavuta kamasi)

SHANGAZI: Haloo? Upo?

MPIGA PICHA: Nipo.

SHANGAZI: Haya, usinililie sikioni. Nimepiga kwa sababu umesahau kifuniko cha kamera. Nimekitunza. Nimeazima simu ya mlinzi, na salio lake linakata roho.

MPIGA PICHA: Kesho nakuja. Peke— hapana, nakuja na mkuu. Nitamwambia mbele yako—

SHANGAZI: Utamwambia nini?

MPIGA PICHA: Kwamba wewe ndiye uliyeni—

MKUU: (kwa mbali) Wewe! Picha za kinu ziko wapi? Unaongea na nani?

MPIGA PICHA: Na... na mtu wa makumbusho, mkuu. Kuna kitu nilisahau.

SHANGAZI: Sawa, bosi. Mtu wa makumbusho anakuaga. Ule vizuri, umekonda, na usi— (tii, tii, tii)

MPIGA PICHA: Shangazi? Haloo? Shangazi!

MKUU: Shangazi yupi tena? Si umesema mtu wa makumbusho?

MPIGA PICHA: Ndiye huyo huyo, mkuu.