Mstari Mmoja wa Injinia Eliécer

Asubuhi ya mkesha wa Siku ya Marehemu, benchi la nje ya lango la makaburi lilishajaa, na Tulio muuza kahawa alikuwa ameegesha kigari chake palepale. Eliécer, mtunza kompyuta ya makaburi, ambaye mtaa mzima humwita Injinia, aliketi katikati, mguu juu ya mguu. Radi ilikuwa imeiunguza kompyuta ya zamani, na ndani yake ndimo yalimokuwa majina ya marehemu waliohamishiwa kwenye ukuta wa mifupa, maana vijumba vya ukuta ule vina namba tu. Lakini Injinia alikuwa na nakala moja kwenye flashi, amebana majina yote humo, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka kuyarudisha kwenye kompyuta mpya. Alijisikia raha kwelikweli.

— Mstari mmoja tu nimeandika, nikabonyeza, kazi kwisha.

— Hukugusa kile kipanya? aliuliza Nicanor, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, kwa hiyo kijiweni anaitwa Daktari.

— Kipanya cha watoto. Mimi naiamuru kwa maandishi.

— Ikajibu nini?

— Haikujibu. Ile ikinyamaza ujue imeridhika.

— Mke wangu akinyamaza mimi nahama nyumba, alisema Tulio, akimjazia kikombe.

— Ilichukua muda gani?

— Kufumba na kufumbua, Daktari.

— Wafu wote wale? Hapo pana jambo.

— Jambo gani? alidakia Remberto, mchonga mawe ya makaburi. Kitu kilichobanwa hutoka mbio. Funga godoro kwa kamba, kisha ikate uone.

— Wewe hujui kitu. Maiti nimebeba mimi. Hawa ni mifupa mitupu, kompyuta inabeba nini hapo? Wangekuwa wa juzi, na nyama zao, ingehema mpaka jioni.

— Nyote mmekosea, alisema Tulio. Kesho ndiyo sikukuu yao. Wamejirudisha wenyewe, Injinia kafungua mlango tu.

Eliécer alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Walikuwa wanapiga porojo, lakini porojo za kumsifu, naye hakuwa na haraka ya kurudi ofisini.

Ndipo akaja mama mmoja mnene, ndoo mkono huu, maua meupe na brashi mkono ule. Jina lake Edilma, ametoka ng'ambo ya mto kwa basi la kwanza.

— Injinia ni yupi? Mama yangu walimhamishia ukutani mwaka huu, mimi nikiwa nimelazwa hospitali. Nataka namba yake, nikasugue kijumba chake, nimwoshe kwa sikukuu.

— Kunywa kahawa kwanza, mama. Mzazi wako yuko salama, nimemrudisha kwa mkono huu.

Akachukua chaki ya Remberto, akauandika ule mstari kwenye ubao wa benchi.

— Tazama. Hapa ni kompyuta. Hapa pana bomba la kupitishia majina, hapa ndipo yanapobanwa. Huu mshale, na huku mwisho ndiyo flashi. Hata sifikirii tena, mkono unajiandikia. Kila Ijumaa ni huuhuu.

— Kila Ijumaa unawarudisha?

— Hapana, mama. Kila Ijumaa naweka nakala, yaani natoa kwenye kompyuta, naingiza...

— Na leo ulikuwa unaingiza wapi?

Eliécer aliutazama mshale. Ulielekea kwenye flashi, kama kila Ijumaa. Kompyuta mpya haikuwa na jina hata moja, na utupu huo ndio alioubana asubuhi, akauweka juu ya majina yote ya kwenye flashi, yakafutika. Ndiyo maana haikuchukua muda. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Sasa mama yangu yuko namba ngapi?

Remberto akaipokea chaki yake. Tulio aliinamisha chupa, ikatoa tone.

Edilma aliwatazama wote kwa zamu, kisha akakunja mikono ya gauni.

— Nipisheni. Nitaanza na namba moja, nioshe mpaka ukuta uishe. Nikimfikia sitajua, ila atakuwa ameoshwa.

Eliécer aliinuka akaipokea ile ndoo.