Kivuli Katika Moyo wa Burkhard

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia mimi Winfried, mdogo wake marehemu, nawasomea maisha ya dada yetu Mechthild Rauschert, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1962 huko Karlstadt, kando ya mto Main, mtoto wa kwanza wa fundi redio Alois na mkewe Hedwig.

Alisoma hapo hapo Karlstadt, kisha akasomea uhandisi wa umeme mjini Darmstadt, akahitimu mwaka 1987, na tarehe 16 Juni 1990 alifunga ndoa na Burkhard, mwalimu wa muziki, wakajaliwa mtoto mmoja, Lorenz.

Tangu mwaka 2008 alifanya kazi katika taasisi ya utafiti mjini Würzburg, akibuni antena za kuvalishwa kifuani mtu anayepigwa picha ya moyo ndani ya mashine yenye sumaku kali kupita zile za hospitali za kawaida, kazi ngumu, kwa sababu humo mawimbi ya redio hukutana mwilini na kufutana, yakaacha giza kwenye picha mahali ambapo daktari anataka kuona, naye alitaka antena zake zisaidiane mpaka moyo wote uonekane.

Burkhard, aliyejiona mzima wa afya, alijitolea kulala ndani ya mashine kila antena mpya zilipokamilika, na mwaka 2014 pakaonekana kivuli upande wa chini wa moyo wake, mkuu wa idara akasema ni dosari ya antena, na dada, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kuilaumu kazi yake mwenyewe, akakubali, akazipanga upya, akamlaza mumewe tena na tena, kivuli kisiondoke.

Tarehe 3 Novemba 2015 Burkhard alianguka akifundisha kwaya, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika, na madaktari waliomchunguza wakakuta kovu la siku nyingi pale pale penye kivuli. Tulipotoka makaburini Lorenz alimuuliza mama yake kama hakukiona, naye akajibu, "Nilikiona kila mara, mwanangu. Nilidhani kosa ni langu, sio la moyo wake."

Antena zile zilisifiwa, mkuu wa idara akapewa tuzo, na siku ya kuipokea akaonyesha ukumbini picha ya moyo wa Burkhard, bila jina, kama ushahidi kwamba zinaona kovu vizuri, dada akiwa ameketi mstari wa nyuma, akanyanyuka na kutoka wenzake wakipiga makofi.

Alistaafu mapema mwaka 2019, akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwezi Mei 2023, akakataa kabisa kuingizwa kwenye mashine yoyote, akafariki nyumbani tarehe 12 Januari 2024, Lorenz akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtulizia maumivu, majirani waliotuletea supu na mkate, na wafanyakazi wenzake wawili waliofika leo, mkuu wa idara naye ametuma shada la maua, na Lorenz ameagiza libaki nje ya geti.

Dada, hukupata utulivu ukiwa hai, upate sasa.