Mwalimu Benjamini Mageni, Aliyehesabu Kinga ya Mwili (1961–1998)

Ndugu waombolezaji, wazazi wangu shikamooni. Mimi ni Januari, mdogo wake marehemu, mchimbaji wa dhahabu huko Bugarama. Kalamu si kazi yangu, lakini ukoo umeniachia mimi wasifu huu, na marehemu aliniachia maagizo mawili: nitaje ugonjwa wake kwa jina, na nihakikishe mke wake harithiwi. Najua yapo masikio hapa yasiyotaka kusikia lolote kati ya hayo.

Benjamini alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapahapa Runzewe, wakati huo ikiwa wilaya ya Kahama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mageni, mkulima wa pamba aliyetutangulia mwaka 1984, na Mama Mbuke, mnayemwona amekaa hapo mbele. Mama husimulia kwamba alipotumwa jioni kuhesabu ng'ombe, Benjamini alihesabu kwato, akagawa kwa nne, ikabaki kwato moja, basi akakataa kula mpaka aipatie ng'ombe wake.

Alianza shule ya msingi hapa mwaka 1969, akachaguliwa kwenda sekondari Tabora mwaka 1976. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alifanya vibarua kidogo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya hisabati na ualimu mwaka 1987. Mwaka huohuo alipangiwa kufundisha sekondari Kahama. Wanafunzi wake walimwogopa darasani na kumfuata nyumbani.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Rebeka, binti wa Buseresere. Siku ya kujitambulisha ukweni alikaa kimya hadi wakwe wakadhani ni bubu. Alipofungua mdomo, alimsahihisha baba mkwe hesabu ya magunia ya mpunga. Rebeka alicheka, na nadhani posa ilikubaliwa hapo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Euphrasia, mwaka 1991.

Mwaka 1992 alirudi chuoni kwa shahada ya uzamili. Aliamua kuonyesha kwa hesabu jinsi kinga ya mwili inavyopambana na virusi vya UKIMWI. Huku machimboni tulikuwa tukizika vijana mfululizo, na kila mtu ana maelezo yake: huyu karogwa, yule kavunja kiapo. Kaka alitaka kujua kwa nini mtu akae miaka mingi mzima kabisa, halafu aanguke.

Likizo ya mwaka 1993 alinifuata Bugarama. Akakaa kando ya duara letu, yaani shimo tunalochimba, akitazama pampu ikivuta maji.

"Januari, maji yameisha huko chini?"

"Hayaishi, kaka. Yanaingia, pampu inatoa."

"Kwa hiyo mtu akichungulia ataona pakavu."

"Ataona pakavu. Pampu ikichoka ndiyo atajua."

Wenzangu wakamtania: "Mwalimu kaja kupima maji, dhahabu hataki!" Akawaeleza kwamba ndani ya mwili ni hivyohivyo. Mwili unazalisha chembe nyeupe za damu kila siku, virusi vinaziharibu kila siku, na ile miaka ya uzima ni vita ambayo bado haijapata mshindi. "Usimwangalie mtu unene ukasema huyu hana," aliwaambia.

Hesabu zenyewe alizikokotoa likizo hiyohiyo kwenye kompyuta ya Bwana Praful, mfanyabiashara wa Kahama, ambaye yuko nasi leo. Bwana Praful alimwuliza: "Mwalimu, hii mashine inajua sukari na sabuni. Wewe unaihesabisha nini?" Kaka akajibu, "Damu." Bwana Praful aliondoa mkono kwenye meza, kisha akaagiza chai ya watu wawili.

Jibu alilopata nililielewa hata mimi. Chembe moja iliyoambukizwa ikiambukiza pungufu ya moja nyingine, ugonjwa unazimika wenyewe. Ikizidi moja, hauzimiki. Kila alipokokotoa, ilizidi moja.

Mwaka 1995 alipimwa Mwanza, akakutwa na virusi. Alivipata wapi sijui, na sikumwuliza. Nilichoona ni kwamba alirudia hesabu zake zote upya. Mwalimu aliyesahihisha makosa ya watoto wa watu miaka yote hiyo sasa alikuwa anamwomba Mungu apate kosa lake mwenyewe. Hakulipata. Mama alimwuliza kwa Kisukuma chetu, "Ng'wana wane, yaani mwanangu, hizo hesabu zinakuponya?" Akasema, "Hapana mama. Zinaniambia tu nilipo."

Mwaka 1996 redio ilitangaza kwamba madaktari wa ng'ambo wamechanganya dawa tatu na virusi vinapungua. Kaka aliruka juu kwa furaha, maana hesabu zake zilikuwa zimeonyesha kwamba virusi vikizuiwa kuambukiza chembe mpya, mwili unapata nafuu. Kisha akakaa chini, akalia. Mlango alikuwa ameuona kabla ya wengi, na dawa hizo huku kwetu hazikuwepo. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Tangu Novemba mwaka jana alikuwa kitandani. Mwezi uliopita tulitaka kumrudisha hospitali Mwanza, lakini mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara pande zote mbili. Tulikaa naye ndani, mvua juu ya bati, Rebeka akimlisha uji kwa kijiko. Alifariki Jumapili, tarehe 22 Februari 1998, mchana, akiwa na akili zake timamu.

Jana baba mdogo Theonest aliniita pembeni. "Andika homa ya mapafu, inatosha. Utatuaibisha." Nikamwambia, "Baba mdogo, nakuheshimu. Lakini mtu kautafiti ugonjwa huu, kaumwa, kafa nao. Tumzike kwa ugonjwa wa mtu mwingine?" Basi naomba radhi kwake na kwa ukoo: kaka yangu amekufa kwa UKIMWI.

La pili. Wengi mnajua kwamba matanga yakiisha, ukoo umepanga Rebeka arithiwe, na mrithi ni mimi. Nimeambiwa nikikataa nimemtupa mke wa kaka. Kaka alinishika mkono akasema, "Januari, asirithiwe. Si na wewe, si na mtu yeyote. Nyumba ya Kahama ni yake na mtoto." Afya ya Rebeka ni yake mwenyewe, wala asiulizwe na mtu hapa.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Mbuke; mke, Rebeka; binti, Euphrasia; dada mmoja, Paskalina; na mimi.

Lakini hapo nijisahihishe. Rebeka, simama. Miaka minane nimekuita shemeji, na shemeji kwa desturi yetu hurithiwa. Mbele ya kaburi la kaka, na ukoo wote ukisikia, kuanzia leo nakuita dada. Marehemu ameniachia dada wawili, na dada harithiwi.

Kaka, sasa lala kwa amani.