Feni ya Saa Nane Usiku

Feni ya tanuri la jirani ilianza saa nane usiku: ikanguruma, ikapanda, kisha ikashuka ghafla, ikawa kama mgonjwa wa pumu anayevuta pumzi, na Corinne akaruka kitandani, akafunga dirisha, akaweka sikio kifuani mwa Emmett, mwanawe wa miezi mitano, akakuta nacho kinakoroma vilevile. Hakulala tena. Asubuhi alimbeba, akatia mfukoni barua yake kwa ofisi ya jimbo inayosimamia usafi wa hewa, maana leo saa kumi na moja jioni ndiyo mwisho wa wananchi kutoa maoni juu ya kibali kipya cha tanuri la kuchomea maiti lililo nyuma ya nyumba yake, kitakachoruhusu na tanuri la pili, akaenda mbio kwenye benchi la nje ya kituo cha petroli. Hapo Jaji, tarishi mstaafu ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, na Dizeli, aliyekuwa dereva wa malori, walikuwa wameshafungua chupa yao ya kahawa.

— Nisikilizeni, wazee wangu, kabla sijaituma. Kibali kinasema mchana tu. Mbona usiku linawaka?

— Mchana kuna mtu wa jimbo anayekuja kusoma moshi, Jaji akasema. Anasimama jua mgongoni, anakodolea bomba, anaandika umekolea kiasi gani. Usiku atasoma nini, nyota?

— Basi ni nguruwe, Dizeli akadakia. Wa lile shamba kubwa. Wamekufa kwa ugonjwa, wanafichwa.

— Nguruwe! Kwa harufu hiyo mji mzima ungeamka ukidai mayai ya kulia nyama hiyo.

— Kama si nguruwe, ni maiti wa Iowa, ng'ambo ya mto. Kule foleni ndefu. Nimevuka lile daraja miaka thelathini, najua kinachopita usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo na maiti, wapi na wapi?

— Mwenyeji si analipwa? Huko si ndiko kupona?

Corinne hakucheka. Alikuwa amemwona Lowell Strand, mwenye kuliendesha tanuri, akitoka dukani na kikombe mkononi, na kabla hajajizuia alikwisha kusimama mbele yake.

— Unachoma nini usiku, Bwana Strand? Mwanangu hapumui vizuri. Nimeandika, na leo naituma.

Strand akamtazama mtoto. Kisha akaketi, yeye ambaye hajawahi kuketi pale.

— Watoto, akasema. Wale wanaozaliwa wameshakufa.

Dizeli akavua kofia.

— Kibali kinataka tanuri liwe na joto kamili kabla mwili haujaingia, na feni isukume hewa kwa nguvu, moshi uungue wote. Kwa mtu mzima, sawa. Mtoto wa kiganja hiki, hewa ile inambeba mzima bombani. Mama anakuja kesho, nimpe nini? Kwa hiyo usiku, tanuri likishapoa, ninamweka peke yake, ninashusha feni. Moshi unazidi, najua. Lakini kinabaki kijiko kimoja cha majivu.

Juu ya kabati la Corinne kulikuwa na kikopo cha bati chenye majivu ya Josie wake, wa mimba ya miezi saba, aliyezaliwa ameshakufa mwaka juzi. Mkunga alikuwa amemwonya kwamba kwa wadogo hivi huenda kisibaki kitu. Kilibaki. Hakuwahi kuuliza kilibakije.

— Jaji, Strand akasema, hebu hukumu. Nishushe feni au nisishushe?

Emmett akakohoa.

Corinne akatoa barua na kalamu. Kuhusu tanuri la pili, akaliacha neno lake lilivyokuwa: hapana. Kuhusu bomba kurefushwa lipite paa lake, akapigia mstari mara mbili. Ule mstari wa kulalamikia moto wa usiku akaukatakata hadi karatasi ikatoboka.

— Usiku ukiwa na mtoto, nipigie simu mapema. Nitamchukua Emmett tukalale kwa mama.

— Nitapiga.

— Hata kama ni usiku wa Krismasi.

— Nitapiga, binti yangu.

Jaji akainamisha chupa. Likatoka tone moja.

— Sisi wawili hatukusikia kitu, akasema, na Dizeli, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya hali ya hewa, akaitikia kwa kichwa.

— Nami sitamwambia mwingine yeyote, Corinne akasema.

— Hata mumeo? Strand akauliza.

Akamfunika Emmett shingo.

— Hata yeye, baba yake Josie.