Bi Nzisa Mwau na Damu ya Akina Chege Wawili

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Nzisa Mwau anavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa Thika. Sote tunamwita Mama Kaleli, kwa jina la kifungua mimba wake. Wenzangu wamenichagua niandike habari zake kwa sababu, wanadai, tangu nifunge ndoa mwezi wa nane sina neno baya kwa mtu yeyote. Ni kweli. Lakini kwa huyu mama sikuwa nalo hata kabla ya ndoa.

Alizaliwa Ngoliba, akasomea kazi ya maabara, akaanza kwetu kwa kupima malaria. Hospitali ilipojiunga na utafiti wa plazma, yeye ndiye aliyepewa matayarisho. Mgonjwa hutolewa damu kidogo, damu ikazungushwa kwa mashine mpaka itengane, kisha ile sehemu ya manjano, iliyojaa chembe zinazosaidia jeraha kufunga, anadungwa mwenyewe pale penye shida. Madaktari wa mifupa walitaka kujua kama inasaidia magoti, wa ngozi wakaulizia nywele, wa meno fizi, na wa kisukari vidonda vinavyokataa kupona. Wote walipitia mikononi mwa Mama Kaleli.

Kila Jumanne alikuwa kwenye kliniki yetu ya Ruiru, siku ya watu wa nywele. Wanaume walitoka Kamakis wamevaa kofia, naye akiwaambia, "Hapa ni utafiti, si maombi. Zikiota, nitaandika zimeota. Zisipoota, nitaandika hivyo hivyo." Mmoja aliuliza kama anaweza kudungwa plazma ya ndugu yake mwenye nywele nyingi. Mama Kaleli alicheka mpaka akaketi. Kisha akamweleza polepole kwamba katika kazi hii damu ya mtu hurudi kwa mwenyewe tu.

Alhamisi moja mwaka jana nilijua uzito wa neno hilo.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa wa utafiti. Wanaume wawili walikuja pamoja kutoka Mugutha, wote wakiitwa Zacharia Chege. Kwa Wakikuyu si ajabu: baba zao ni ndugu, na kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu yule yule. Mmoja, fundi wa mawe, alisumbuliwa na goti. Mwenzake alikuwa na kidonda cha kisukari kwenye kisigino, na daktari wa upasuaji alikuwa ameshamwambia kwamba kisipoanza kufunga, mguu utakatwa.

Nesi Owino, aliyekuwa mgeni kwetu, aliandaa vibandiko vya chupa asubuhi. Alipoona jina moja mara mbili alidhani ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili kimakosa, akaandika nambari moja kwenye vyote. Mama Kaleli, kwa haraka ya siku ile, akavibandika bila kuisoma nambari. Mashine iliposimama, chupa mbili zilikuwa na jina moja na nambari moja.

Mimi nilikuwa chumba cha vidonda, nikimsaidia daktari. Kidonda kilikuwa kimesafishwa, kiko wazi, na Daktari Warigia ameshavaa glavu. Mama Kaleli akaingia mikono mitupu, akaeleza mbele ya wote kilichotokea. "Owino aliandika vibaya, na mimi sikusoma," alisema.

Mwenye kidonda alikuwa ametolewa damu kwa taabu sana. "Mama, chukua ile iliyopauka," alisema. "Nimekonda mpaka damu imekonda."

"Mpe yoyote," binamu yake, aliyekuwa akingoja mlangoni, akaongeza. "Sisi ni damu moja, babu mmoja."

"Babu mmoja, ndiyo. Chupa mbili," alijibu Mama Kaleli, akaenda kuzimwaga zote.

Wa goti alitolewa tena bila shida. Kwa mwenzake, mkono wa kushoto ulikataa. Wa kulia ukakataa. Taratibu za utafiti zilimruhusu kujaribu mara moja tu zaidi.

"Ukikosa hapo, mama, naenda nyumbani?"

"Unaenda," alisema. Hakumdanganya. Alijaza glavu maji ya moto kiasi, akaiweka juu ya mkono wa mgonjwa ili mshipa utokeze, akangoja. "Mamako anaitwa nani?"

"Wangechi."

"Na wa huyu?"

"Shiko."

"Basi tulia, wa Wangechi."

Damu ikaja, nyeusi, polepole. Ikaendelea hivyo mpaka chupa ikajaa.

Baada ya miezi kadhaa, kidonda kile kilifunga. Mama Kaleli hataki tuseme ni plazma peke yake: sukari ilidhibitiwa, kidonda kilisafishwa kila wiki, na majibu ya utafiti bado. Lakini mguu upo. Na tangu siku ile, hapa kwetu kila mgonjwa hushika chupa yake na kutaja jina la mamake kabla haijaingia kwenye mashine.

Yule wa goti aliendelea kuja kuangaliwa hata siku ambazo hakuitwa, na kila mara goti lilikuwa salama na yeye alikuwa amechana nywele. Ndiye mume wangu, mpenzi wa moyo wangu. Kanisani Ruiru alipiga magoti bila kushika kiti, na kando yake msimamizi wetu wa harusi, binamu yake, alisimama ibada nzima kwa miguu yake miwili. Pasta alipouliza, "Zacharia Chege, unamkubali huyu?" sauti ikatoka kiti cha mbele: "Wa Wangechi au wa Shiko?"

"Wa Shiko, Mama Kaleli," mume wangu akajibu, na pasta akangoja kanisa limalize kucheka.

Asante, Mama Kaleli. Ngoliba ikupokee kwa mvua, mbaazi zako zizae, na wema wote ulioutoa hapa urudi kwa mwenyewe.