Mzee Mwinyimvua na Miche Mitatu ya Pamba

Mzee Mwinyimvua Swalehe anastaafu tarehe 30 Juni 1962, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Mbegu cha Mohoro kwa miaka arobaini na mmoja. Hiyo ni hesabu ya ofisi. Kwa hesabu ya ofisi hiyo hiyo ana umri wa miaka hamsini na mitano, maana yake alipigana na Mjerumani kabla hajazaliwa. Kila alipoulizwa mwaka wake wa kuzaliwa alitaja njaa nyingine, na kila njaa ilikuwa ya karibuni kuliko ile ya kwanza. Alikuwa ameapa kwamba hatastaafu chini ya bendera ya mgeni. Desemba iliyopita bendera ya Mwingereza iliteremshwa, na Januari Mzee akaja ofisini mwenyewe kusema kwamba sasa yuko tayari.

Alizaliwa kwenye vilima vya Umatumbi. Vita vya Maji Maji vilipozuka alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na alikuwapo wazee wa kwao walipoingia katika shamba la pamba la Mjerumani wakang'oa miche mitatu. Haikuwa palizi ile. Kwa Wamatumbi, kumng'olea Mjerumani pamba yake kulikuwa kumtangazia vita, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mzee alinyunyiziwa dawa ya maji kama wenzake, akapigana, akamzika kaka yake Mtoro kwa mikono yake. Hapendi mtu ayacheke yale maji. Vijana wetu wakimchokoza, wakitaka kujua kama kweli yaligeuza risasi, yeye huwauliza Mjerumani yuko wapi.

Kilichomuuma zaidi kilikuja baada ya bunduki kunyamaza. Askari walichoma maghala ya mtama, na mama yake akafa kwa njaa huku pamba imestawi pembeni. Mzee aliponea ndiga, vile viazi vya porini vyenye sumu, ambavyo usipovilowesha sawasawa vinakumaliza. Elimu yake ya mimea ilianzia hapo, na haoni haya kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza alikuwa tumbo.

Alipokamatwa alifungwa na kutumikishwa katika shamba la pamba, akajifunza kusoma kwa kuangalia vibao vilivyochomekwa mbele ya matuta. Waingereza walipoingia walihitaji mtu anayejua mimea na anayejua kuandika, wakamkuta yeye. Walimpeleka Usambara kusomea uzalishaji wa mbegu. Alirudi akiwa anautaja mpunga kwa Kilatini, Kimatumbi na Kindengereko, na tangu siku hiyo hajaruhusu mtu yeyote amshinde kwa ubishi katika lugha zote tatu.

Kazi yake kubwa mnaijua, kwa sababu wengi wenu mmeila. Kule Salale, bamvua linapopandisha maji ya chumvi mashambani, mpunga wa kawaida hufa na watu hukaa na njaa. Mzee aliuchanganya mpunga mgumu wa huko mikokoni na mpunga mtamu wa hapa Mohoro, akachagua mbegu msimu baada ya msimu, akihamia dunguni yeye na mkewe Semeni kufukuza ndege na nguruwe. Wengine tulimwambia anajisumbua, akatujibu kwa kututenga kwenye chai. Mbegu aliyoipata huandikwa kwa namba kwenye magunia ya kituo. Watu wa Salale wanaiita Sing'oki, kwa kuwa chumvi haiiui wala mkondo hauing'oi.

Mwaka 1938 ilibaki kidogo tuikose. Bwana Shamba mmoja wa Kiingereza, mgeni kabisa katika nchi hii, aliamuru kitalu cha Sing'oki kilimwe kwa ajili ya pamba. Nusu ikapandwa pamba, na nusu iliyobaki, yenye mbegu yote tuliyokuwa nayo, ingefuata. Asubuhi moja Mzee alitoka kitaluni, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akaweka juu ya meza ya Bwana Shamba miche mitatu ya pamba, mizizi ikiwa na udongo wake. Akasimama akamtazama. Tarishi wetu Khamisi, ambaye naye ni Mmatumbi, alifunga kifurushi chake akaenda kumuaga mkewe. Mimi nilijificha ghalani, na humo ndani sikuwa peke yangu.

Vita vilikuwa vimetangazwa, ila aliyetangaziwa hakujua. Bwana Shamba alimshukuru sana Mzee kwa kumletea miche migonjwa ili ichunguzwe. Aliiweka kwenye hadubini hadi adhuhuri, kisha akauliza ni ugonjwa gani huu.

"Ugonjwa wa zamani, bwana," alisema Mzee. "Ulianzia Umatumbini, na dawa yake hamjaipata."

Bwana Shamba alitishika. Akaamuru pamba yote ing'olewe siku ile ile kabla ugonjwa haujaenea, na kazi hiyo akapewa Mzee. Sijapata kumwona mtumishi akitii amri kwa furaha namna ile.

Sasa tunasikia minong'ono kwamba wakubwa wetu wapya nao wanakitamani kitalu kile kwa ajili ya pamba. Uhuru tumeupata na tunaufurahia, lakini bamvua halijui kama bendera imebadilishwa, na watu wa Salale bado wanakula wali. Ndiyo maana, mgeni rasmi, mbele yako pana miche mitatu ya pamba kando ya maua. Mzee ameiweka hapo mwenyewe leo asubuhi, na si pambo. Wewe ni mtu wa Rufiji kama sisi, kwa hiyo hatukukuletea hadubini.

Mzee Mwinyimvua, kituo kizima kinakushukuru, na mimi nakushukuru zaidi, kwa kuwa ulinifundisha kazi na ukanifundisha ukaidi. Nenda nyumbani kwako Mtunda ukapumzike na Mama Semeni. Mungu akupe afya, na wali usikauke chunguni mwako. Kitalu umetuachia sisi, na wakija na jembe lao watatukuta. Hatung'oki.

Husseini Abbasi
Msaidizi wa kitalu