Marehemu Magreti Saturnini na Bustani Zake za Kuliwa

Wapendwa waombolezaji, kabla hatujaelekea makaburini, familia imenituma mimi Rahel, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu pamoja na namna alivyofariki, kwa kuwa tangu juzi yamesemwa mengi, na lile la kusema "aliugua ghafla" tumelikataa kwenye kikao.

Magreti Saturnini alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Kiegei, wilayani Nachingwea, mtoto wa pili wa mzee Saturnini na mama Catherine, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1987 hadi 1993, na akiwa darasa la tatu alimwona kaka yetu Maximilian, ambaye yuko hapa mbele na mkongojo wake, akigongwa na nyoka kwenye mbaazi. Kaka alipona, mguu haukupona vizuri, na hofu ya Magreti haikupona kabisa.

Baada ya sekondari alisomea stashahada ya kilimo, akahitimu mwaka 2001, akaajiriwa mjini Nachingwea kutunza maua kwenye ua wa ofisi moja, akimwagilia miaka minane kitu kisicholiwa na mtu, huku wenye ofisi wakinunua mchicha sokoni. Mwaka 2010 aliacha, akaanza kazi yake mwenyewe ya kupamba nyumba za watu kwa vyakula, mananasi kando ya njia ya gari, matembele mahali pa majani ya kukanyagia, maboga juu ya uzio, bilinganya na pilipili chini ya madirisha, na wa kwanza kumwamini alikuwa ndugu Harithi, mwenye nyumba ya wageni kule Ruangwa.

Wengi mlidhani mtu wa kazi hiyo haogopi majani. Magreti aliyaogopa kila siku. Hakuingia bustanini bila mabuti ya mpira, alipiga ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga, na kila mahali, kati ya mboga na ukuta, aliacha ukanda wa mchanga mtupu, akaufagia mwenyewe, na ndugu Harithi alipomtania, "Dada Magreti, umepanda mboga au umechora mpaka wa Msumbiji?" alijibu, "Nataka nimwone kabla hajaniona."

Alifunga ndoa na Protasi tarehe 8 Oktoba 2005, parokiani Nachingwea, wakajaliwa watoto wawili, Rosa, mwaka 2006, na Dastani, mwaka 2011.

Tarehe 3 Februari 2026, saa kumi jioni, akiwa nyumbani kwake, alihitaji matofali mawili ya kukingia tuta, akaenda kwenye rundo nyuma ya jiko, lililokaa tangu 2021 likisubiri chumba ambacho hakijajengwa, na kwa kuwa huko si bustanini, alikwenda na kandambili. Shemeji Protasi mwenyewe ndiye aliyetaka niliseme hili, kwamba Magreti alikuwa akimwomba aliondoe rundo hilo, naye akawa anasema, "Kesho, mama Rosa." Nyoka alimgonga Magreti kifundoni. Alikataa jiwe jeusi la kunyonya sumu aliloletewa, akataka hospitali, ndugu Nurdini akamwahisha kwa bodaboda, Rosa akimshikilia kwa nyuma, na njiani Magreti alimwambia binti yake jambo moja tu, "Mabuti yako nyuma ya mlango, uyavae." Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi.

Hakuna aliyemtuma nyoka huyo. Wala hajaonekana. Tunajua ndiyo maana mmebanana upande mmoja wa uwanja, na watoto mmewapakata, hata wa darasa la tano, nasi pia tunaogopa. Wateja wanne wamepiga simu kwamba wanafyeka bustani zao, na ndugu Harithi amekuja msibani panga likiwa ndani ya gari. Rosa ndiye aliyeachiwa kazi hii, na zikifyekwa, hana kazi. Familia inawaomba muanze kuondoa marundo ya matofali, mabati na kuni, kabla ya kugusa mboga.

Leo asubuhi shemeji Protasi aliyashusha yale matofali moja moja, vijana wamesimama na fimbo, hadi la mwisho, na chini yake hapakuwa na kitu, na hayo ndiyo yaliyojengea kaburi. Kisha Rosa akavaa mabuti, akapiga ardhi mbele ya watu wote, akaingia bustanini, akachuma matembele mtakayokula mkirudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ndugu Nurdini, majirani, jumuiya, na wateja wa Nachingwea na Ruangwa, hata wenye mapanga.

Lala kwa amani, dada. Mabuti yamepata mtu.